A. S. Hornby na Siri ya Vitenzi vya Kiingereza

Wengi wenu wasomaji, na hasa ninyi wanafunzi wa zamani mliokwisha kutoka shuleni, mmepata kuishika mkononi kamusi ya Oxford ya wanafunzi wa Kiingereza. Jina la Hornby mmeliona juu ya jalada lake. Lakini ni wachache waliojiuliza huyu Hornby alikuwa nani, na ni jambo gani lililomfanya aandike kitabu kikubwa namna ile kwa ajili ya watu ambao Kiingereza si lugha ya mama zao.

Albert Sidney Hornby alizaliwa katika mji wa Chester, Uingereza, tarehe 10 Agosti, 1898. Ujana wake uliangukia katika Vita Kuu ya Kwanza, akatumika katika jeshi la majini. Vita vilipokwisha akasoma Kiingereza katika University College, London. Alipokuwa na umri wa miaka ishirini na mitano akapata kazi ya ualimu Ujapani, katika mji wa Oita ulioko kisiwa cha Kyushu.

Aliajiriwa afundishe fasihi, yaani mashairi na vitabu vya waandishi wakubwa. Akafika darasani, akaona kwamba vijana wale hawakuwa na haja ya mashairi kwanza. Walikuwa na bidii nyingi, na maneno ya Kiingereza waliyajua kwa mamia, lakini wakianza kuyaunga huharibika. Haifai kumpa mtu paa na hali kuta hazijasimama. Basi Hornby akageuza kazi yake, akaanza kuitazama lugha yake mwenyewe kana kwamba ni mgeni anayejifunza.

Tatizo lililowasumbua Wajapani wale ndilo linalotusumbua sisi. Katika Kiswahili twasema nataka kusoma, nafurahia kusoma, nimemaliza kusoma. Kitenzi cha pili ni kile kile, na ku- ni ile ile, wala haijali kitenzi gani kimetangulia. Waganda nao hali kadhalika na oku- yao. Kiingereza sivyo. Baada ya "want" lazima useme "to read", lakini baada ya "enjoy" na "finish" lazima useme "reading". Ukija kwa "let", ile "to" hutoweka kabisa: "let him read".

Tena kuna mtego mwingine. Sisi twasema nataka usome. Mwanafunzi akifuata njia hiyo huandika "I want that you read", akapigwa mstari mwekundu, kwa maana Mwingereza husema "I want you to read". Akishashika hilo hujiona ameshinda, akaandika "I suggest you to read". Mstari mwekundu tena! Kwa nini? Kwa kuwa "suggest" haikubali mpango huo hata kidogo, ingawa maana yake ni jirani ya vitenzi vinavyoukubali. Mwalimu akiulizwa sababu, mara nyingi hujibu kwamba Waingereza hawasemi hivyo, na habari imekwisha. Mwanafunzi hurudi kitini amefedheheka na hakupata fundisho lolote.

Wakati huo alikuwako Tokyo Mwingereza mwingine, Harold Palmer, mkuu wa taasisi ya utafiti wa kufundisha Kiingereza iliyoanzishwa mwaka 1923. Palmer alikuwa ameona kwamba vitenzi vya Kiingereza vinaweza kupangwa makundi makundi kwa kutazama kinachofuata nyuma yake. Akamwita Hornby wasaidiane. Mwaka 1936 Palmer alirudi kwao, na mzigo wa utafiti ukabaki juu ya mabega ya Hornby. Mwaka 1938 Palmer akatoa kitabu juu ya matumizi ya maneno kama elfu moja. Hornby alitaka zaidi ya hapo: alitaka kamusi nzima.

Kazi hiyo aliianza mwaka 1937, akisaidiwa na walimu wenziwe wawili waliokuwa Ujapani, E. V. Gatenby na H. Wakefield. Wakapanga vitenzi katika mafungu 25, kila fungu na namba yake. Fungu la 2 lilikuwa la vitenzi vinavyofuatwa na "to" na kitenzi, kama "want to go". Fungu la 3 lilikuwa la vile vinavyotaka mtu atajwe katikati, kama "want him to go". Fungu la 17 lilikuwa la vile vinavyofuatwa na umbo la "-ing". Penye kila kitenzi wakaandika namba za mafungu yake. Hivyo mwanafunzi aliye mbali, asiye na Mwingereza wa kumwuliza, aliweza kufungua kamusi akajua mara moja kitenzi kile kinakubali nini na kinakataa nini. Kamusi za kawaida hazikumwambia hayo, kwa sababu ziliandikwa kwa ajili ya Waingereza, nao walikwisha kuyanyonya na maziwa ya mama zao.

Mwezi Desemba 1941, kazi ikiwa imekaribia kutoka, vita vikazuka baina ya Ujapani na Uingereza. Hornby akawa raia wa adui katika nchi aliyoifundisha karibu miaka kumi na minane, akatiwa kizuizini. Ingedhaniwa kuwa kamusi ingetupwa motoni. Kumbe sivyo. Mwaka 1942, katikati ya vita, wachapaji wa Kijapani wa Kaitakusha, Tokyo, waliitoa kamusi hiyo ya lugha ya adui zao. Yafaa tulikumbuke jambo hilo, maana si Hornby peke yake aliyeithamini kazi ile.

Mwaka huo huo Hornby alirudishwa kwao katika mabadilishano ya raia. Mabadilishano hayo ya Waingereza na Wajapani yalifanyika pwani hii yetu ya mashariki ya Afrika, katika bandari ya Lourenço Marques, mji ambao leo unaitwa Maputo. Hakukaa sana Uingereza. Akatumwa na British Council kwenda Iran, nchi ambayo wazee wetu wakiiita Uajemi, akafundisha huko Tehran hata mwisho wa vita. Mwaka 1946 akawa mhariri wa kwanza wa jarida la walimu wa Kiingereza duniani.

Mwaka 1948 Oxford University Press walipiga picha kurasa za kamusi ile ya Tokyo, wakaichapa upya kwa jina jipya. Ikaenea Asia, Afrika na kwingineko. Toleo la pili likatoka mwaka 1963, na la tatu mwaka 1974. Mwaka 1954 Hornby alitoa pia kitabu cha peke yake juu ya mafungu yale.

Fedha zikamjia kwa wingi. Angeweza kuzitumia kwa kujistarehesha, wala hapana ambaye angemlaumu. Lakini mwaka 1961 alianzisha mfuko wa elimu wenye jina lake, akautilia sehemu kubwa ya mapato yake, ili walimu wa Kiingereza kutoka nchi za ng'ambo wapate kusoma Uingereza na kurudi kufundisha kwao. Fedha zilizotoka kwa wanafunzi zikarudi kwa walimu wao. Hornby alifariki mwezi Septemba 1978, akiwa na umri wa miaka themanini.

Kamusi yake ingali hai, na toleo la kumi lilitoka mwaka 2020. Namba za mafungu zimeondolewa, kwa kuwa wanafunzi wengi walichoka kuzikariri, na mahali pake pamewekwa alama zilizo wazi zaidi. Lakini fikira ni ile ile.

Basi ninyi mlio madarasani, mkikutana na kitenzi kipya cha Kiingereza, msiandike maana yake tu katika daftari. Tazameni ni kitu gani kinachokifuata, mkiandike pamoja nacho. Tena jihadharini na vile vinavyopokea pande mbili, kwa maana "he stopped to eat" ni mtu aliyesimama ili ale, na "he stopped eating" ni mtu aliyeacha kula. Asiyejua tofauti hiyo anaweza kumnyima mgeni wake chakula kwa kosa la sarufi.