Von Neumann: jamaa aliyeweka namba na amri chumba kimoja

Juzi nilikuwa naandika kaprogramu kadogo kwa lugha ya C, ka kupanga timu za ligi ya mtaani kwetu kwa pointi. Timu ziko 12, mimi kwa haraka zangu nikaiambia kompyuta ipange 13. Cheki sasa: kileleni ikakaa timu isiyo na jina, pointi maelfu! Kompyuta haikulalamika hata kidogo. Ilichukua kitu kilichokuwa jirani kwenye kumbukumbu ikakihesabu kama timu. Nikaanza kuchimba nani chanzo cha mambo haya, ndipo nikakutana na John von Neumann.

Jamaa alizaliwa Budapest, Hungaria, tarehe 28 Desemba 1903, mtoto wa mtu wa benki. Mwaka 1926 alipata udaktari wa hisabati kwao na diploma ya uhandisi wa kemia kule Zurich, mwaka mmoja huohuo. Kemia alisoma kwa sababu baba alitaka mwanae awe na kitu cha kumlisha, si mnawajua wazee. Mwaka 1930 akaenda Princeton, Marekani, na 1943 akaingia mradi wa bomu la atomiki. Hilo la bomu naliruka, lina habari yake ndefu.

Twende 1945. Kompyuta ya ENIAC, ukitaka ifanye kazi nyingine, ilibidi watu wachomoe nyaya na kuzichomeka upya. Von Neumann alikuwa anashauri timu iliyopanga mashine ya kufuata, EDVAC. Wazo lilikuwa kwamba amri zikae kwenye kumbukumbu ileile zinamokaa namba. Ripoti ikatoka Juni 1945 na jina lake peke yake, wakati Eckert na Mauchly, waliobuni ENIAC, walikuwemo kwenye mawazo hayo tangu mwanzo. Waliudhika sana, na mimi naona walikuwa na haki.

Sasa hapa ndipo nilipompenda. Kujaribu kama mashine hiyo itafaa, hakuchukua hesabu za mizinga. Alichukua kazi ya kupanga namba! Aliandika kwa mkono, kwa wino, kurasa 23. Programu inashika orodha mbili ambazo tayari zimepangwa, inalinganisha wa mbele wa kila foleni, mdogo anapita kwenda orodha ya tatu. Mbinu hiyo inatumika hadi leo. Ila orodha ya tatu inataka nafasi yake, na anwani zote unazihesabu mwenyewe. Ukikosea kidogo, unaandika juu ya vitu vingine.

Katika mpango wake wa 1945 kila neno la kumbukumbu lilikuwa na alama inayosema hii ni namba au hii ni amri. Ukipeleka namba mahali penye amri, inabadilika sehemu ya anwani tu, amri yenyewe haiguswi. Shabaha ilikuwa kuiwezesha programu isogeze anwani zake, lakini papo hapo ikawa kama kakufuli. Mashine aliyokuja kuijenga Princeton, iliyozinduliwa 1952, haikuwa na alama ile. Nyingi zilizofuata nazo hivyohivyo.

Tukalipa. Novemba 1988 mdudu wa Morris alizunguka kwenye intaneti, na njia yake mojawapo ilikuwa kupeleka maneno marefu kuliko nafasi iliyotengwa. Yakamwagikia jirani, kompyuta ikayatekeleza kama amri.

Von Neumann hakuyaona hayo. Saratani ilimuua tarehe 8 Februari 1957, Washington, ana miaka 53 tu. Lakini mwaka 1948, kwenye mkutano California, kijana John McCarthy alikuwa kamsikiliza akieleza habari za mashine zinazojiendesha. Huyo ndiye aliyebuni Lisp na, mwaka 1959, ukusanyaji wa takataka: mashine inatafuta yenyewe nafasi ambazo programu haiwezi kuzifikia tena na kuzirudisha zitumike. Ile orodha ya tatu ukimaliza nayo, huna haja ya kukumbuka kuifuta. Java nayo inakusanya takataka, na juu ya hapo inakagua mipaka. Timu yangu ya 13 ingegomewa mlangoni.

Nimeshabadilisha, sasa ni 12. Wadau wa C nawajua hamtakubali lawama, haya, uwanja wa maoni ni wenu hapo chini.