John Dewey: Mwalimu aliyekataa kasumba, hata ya demokrasia

Yeyote aliyepita chuo cha ualimu katika nchi zetu amekutana na jina la John Dewey, na mara nyingi amelikuta kwenye karatasi ya mtihani. Jibu linalotakiwa ni kwamba mtoto hujifunza kwa kutenda. Mwanachuo anaandika hivyo, anapata alama zake na kusahau. Kisichoingia kwenye daftari ni kwamba Mmarekani huyu alitumia zaidi ya nusu ya umri wake akibishana juu ya jambo la siasa tupu: je, shule ya nchi ya kidemokrasia iwatie watoto itikadi? Alibishana na serikali, na matajiri na wanamapinduzi, na mara nyingine na rafiki zake mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 20 Oktoba 1859 katika mji wa Burlington, jimbo la Vermont, mtoto wa mwenye duka. Alimaliza Chuo Kikuu cha Vermont mwaka 1879, akaenda kufundisha sekondari katika mji wa Oil City, Pennsylvania, kisha akarudi masomoni na kupata shahada ya udaktari wa falsafa mwaka 1884 katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Alifundisha Michigan, na huko akamwoa Alice Chipman, mwanamke mwenye msimamo mkali wa haki ambaye wengi wanaamini ndiye aliyemtoa mume wake mawinguni na kumshusha kwenye matatizo ya watu. Mwaka 1894 wakahamia Chicago.

Chicago ya wakati huo ilikuwa jiji la viwanda, migomo na wahamiaji wa kila lugha. Hapo ndipo Dewey alipofungua shule yake ya majaribio, Januari 1896, ikiwa na watoto 16 na walimu wawili. Watoto walipika, walifuma, waliranda mbao, na kutoka kwenye kazi hizo wakaingia kwenye hesabu, kemia na historia. Alipokuwa akitafuta madawati ya shule hiyo alizunguka maduka mengi bila kupata alichokitaka, mpaka muuzaji mmoja akang'amua tatizo: Dewey alitaka meza za watoto kufanyia kazi, na yeye alikuwa na za kukalia na kusikiliza tu. Dewey alikisimulia kisa hicho katika kitabu chake cha mwaka 1899 kuhusu shule na jamii. Nadhani kimo ndani yake karibu kila alichokuja kukisema baadaye. Dawati la kusikiliza lina siasa yake. Mtoto aliyekaa juu yake miaka kumi na miwili, akimeza na kutapika maneno ya mwalimu, amefundishwa utii hata kama somo lenyewe linaitwa uraia.

Miaka ya Chicago iliisha vibaya. Aligombana na uongozi wa chuo kuhusu uendeshaji wa shule ile, akajiuzulu mwaka 1904, na Alice, aliyekuwa mkuu wa shule, akaondoka pia. Msiba nao uliwafuata: mtoto wao Morris alikuwa amefariki kwa dondakoo nchini Italia mwaka 1895, na mwaka huo wa 1904 Gordon akafariki kwa homa ya matumbo nchini Ireland. Walimlea mtoto wa Kiitaliano, Sabino, kama wao. Dewey akaanza upya katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na huko ndiko alikobaki.

Mwaka 1916 alitoa kitabu chake kikubwa kuhusu demokrasia na elimu. Watu walizoea kusema kwamba wapiga kura lazima wasome ili wachague vizuri. Dewey alikubali, lakini aliona hiyo ni sababu ya juujuu. Kwake demokrasia ilikuwa namna ya watu kuishi pamoja, kuchanganyika, kusikilizana na kurekebishana, na shule ilipaswa kuwa mahali pa kwanza pa kuishi hivyo, si mahali pa kuambiwa habari zake. Ndiyo maana alipigania pia uhuru wa mwalimu. Mwaka 1915 alikuwa rais wa kwanza wa chama cha maprofesa wa vyuo vikuu vya Marekani, na aliunga mkono chama cha walimu cha New York wakati ambapo wengi waliona ni aibu mwalimu kuwa na chama kama kuli wa bandarini.

Halafu ikaja vita, na hapo lazima tuseme kwamba alijikwaa. Mwaka 1917 Dewey aliunga mkono Marekani kuingia katika Vita Kuu ya Kwanza, akiamini vita hiyo ingeweza kuelekezwa kwenye kujenga dunia ya kidemokrasia. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Columbia iliwafukuza maprofesa wawili, Cattell na Dana, kwa sababu ya msimamo wao juu ya vita. Mwanahistoria Charles Beard, ambaye yeye mwenyewe aliunga mkono vita, alijiuzulu kazi kwa kupinga. Dewey alijitoa kwenye kamati ya chuo, lakini kazi yake hakuiacha. Aliyemshambulia vikali zaidi alikuwa kijana aliyesoma Columbia, Randolph Bourne, aliyeona kwamba mwalimu wake ameiazima serikali akili zake bila kuuliza serikali itazitumia vipi. Bourne alifariki Desemba 1918 katika janga la mafua. Miaka iliyofuata ilimpa haki kwa sehemu kubwa, na Dewey aligeuka kuwa mpinzani wa vita. Mwaka 1920 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha kutetea uhuru wa raia, ACLU.

Mtihani wa pili ulitoka upande wa kushoto. Mwaka 1928 Dewey alikwenda Urusi ya Kisovieti pamoja na walimu wengine wa Marekani. Alice alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Aliona shule zinazofundisha kwa kazi na miradi, akavutiwa sana, na akaandika kwa furaha magazetini kiasi kwamba wahafidhina wa kwao walimwita Mkomunisti. Hakuwa kipofu kabisa, maana aliona kwamba propaganda ilikuwa imeenea kila mahali katika shule zile. Lakini alitumaini kwamba mtoto aliyezoeshwa kufikiri angeishinda propaganda. Haikuwa hivyo. Miaka michache tu baadaye chama kilizirudisha shule kwenye silabasi ngumu, mitihani na amri ya mwalimu.

Mdororo wa uchumi ulipoikumba Marekani, swali likaja hadi mlangoni kwake. Mwaka 1932 George Counts, mwenzake wa Columbia katika kitivo cha ualimu, aliwataka walimu waache woga wa kuitwa watia kasumba: shule tayari inawatia watoto kasumba ya matajiri, basi ichukue upande wa wanyonge na kujenga jamii mpya. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga, na Dewey, ambaye mwenyewe alikuwa mjamaa, alikubali nusu yake. Alikubali kwamba shule haiwezi kujifanya haina upande wakati watu wanalala njaa. Alichokataa ni njia. Mtoto akipewa jibu lililokwisha kupikwa, hata liwe jibu la haki, amenyimwa kitu ambacho jamii ya haki itakihitaji kesho, yaani uwezo wa kugundua kwamba jibu la jana limekosea. Asomeshwe njaa hiyo imetoka wapi, na hitimisho alifikie mwenyewe.

Katika miaka hiyohiyo ya 1930 Mkenya Peter Mbiyu Koinange alisoma Columbia. Aliporudi nyumbani alianzisha chuo cha ualimu cha Githunguri mwaka 1939, kwa ajili ya shule huru za Waafrika. Serikali ya kikoloni iliita shule hizo vitalu vya siasa, na hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952 chuo kilifungwa. Shule za serikali yenyewe, zilizomfundisha mtoto wa Kiafrika nafasi yake chini ya bendera ya Uingereza, hazikuhesabiwa kuwa za siasa.

New York nako mgogoro ulikua. Chama cha walimu kiligawanyika, Wakomunisti wakiteka mikutano kwa kelele na mbinu. Mwaka 1933 Dewey aliongoza kamati ya kutafuta suluhu, ikashindikana, na mwaka 1935 akaondoka na kundi lililounda chama kingine. Miaka miwili baadaye, akiwa na miaka 77, aliacha kitabu alichokuwa akiandika, akapanda treni hadi Mexico kuongoza tume iliyochunguza mashtaka ya Stalin dhidi ya Trotsky. Familia yake ilimsihi asiende. Kwa siku kadhaa Aprili 1937, katika nyumba ya Coyoacán, alimhoji Trotsky, na mwisho wa mwaka tume ikatangaza kwamba mashtaka ya Moscow yalikuwa ya kubuni. Trotsky hakumpata kama mfuasi, maana Dewey hakukubaliana na siasa zake. Ila wasomi wengi wa mrengo wa kushoto waliokuwa wakimsifu tangu 1928 sasa walimtukana.

Mwaka 1940 ilikuwa zamu ya wahafidhina tena. Bertrand Russell aliteuliwa kufundisha chuo cha jiji la New York, na jaji akaufuta uteuzi huo kwa sababu ya maandishi yake kuhusu ndoa na dini. Dewey na Russell walikuwa wamepingana kifalsafa kwa miaka mingi, na hawakupendana sana. Hata hivyo Dewey alimtetea na kusimamia kitabu kizima juu ya kesi hiyo.

Kilichobaki ni hofu ya Wakomunisti baada ya Vita Kuu ya Pili. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kinyongo, ni yeye. Rafiki na mwanafunzi wake Sidney Hook alitaka wanachama wa chama hicho wasiruhusiwe kufundisha. Mwaka 1949, akiwa na miaka 89, Dewey aliandika barua gazetini kueleza mashaka yake juu ya kuwapiga marufuku wote kwa jumla. Mwalimu, kwa maoni yake, ahukumiwe kwa anachofanya darasani, na msako wenyewe unaweza kuwatia walimu woga utakaodhuru shule kuliko Wakomunisti wachache. Wakati huo polisi wa FBI nao walikuwa na faili lenye jina lake.

Alifariki nyumbani New York tarehe 1 Juni 1952, akiwa na miaka 92, akiacha mke wa pili, Roberta, na watoto wawili wadogo waliowaasili uzeeni. Miaka 20 baadaye majivu yake yalipelekwa Burlington na kuzikwa kando ya kanisa la chuo alichosoma ujanani.