Habib Swaleh wa Lamu na Kikao cha Dhikri

Ndugu zetu wasomaji, katika darasa letu hapa Dagoretti Corner, Nairobi, hukaa Mbajuni, Mnubi, Msomali, Mkikuyu aliyesilimu, nasi watu wa mwambao. Wako miongoni mwetu wanaotaka asiye wa asili ya pwani asipewe kitabu kusomesha, na papo hapo hawaachi nyiradi hata usiku mmoja. Kwa ajili hiyo tumeona yafaa kuyataja maisha ya Sayyid Swaleh bin Alawi Jamalilleyl, maarufu kwa jina la Habib Swaleh, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa Ngazija katika karne ya 19, akaja Lamu angali kijana. Lamu ya siku zile ilikuwa mji wa daraja: juu wangwana wa majumba ya mawe, chini watumwa na watoto wao, na wageni kama Wangazija hawakuhesabiwa wenye mji. Elimu nayo ilifuata daraja hizo. Vitabu vilikuwa vya wenye nasaba.

Yeye alikuwa sharifu, na lau angetaka kukaa na wakubwa, nani angemzuia? Lakini njia yake ilikuwa ile ya Alawiyya wa Hadhramaut, wasomao Ihya ya Imamu Ghazali na Ratibu ya Imamu al-Haddad, aliyefariki mwaka 1720. Njia hiyo humtaka mtu atulie, amtaje Mola wake kwa moyo uliohudhuria, kisha aipekue nafsi yake: kibri ki wapi, hasadi i wapi? Nasi twaona kwamba mwenye kujipekua kwa kweli hakawii kutambua ya kuwa nasaba yake hakuichuma kwa jasho lake.

Akaenda kukaa pembeni mwa mji, upande wa Langoni, jirani na watumwa na maskini. Aliwatibu kwa dawa za miti, akawasomesha watoto wao kama asomeshwavyo mwana wa mngwana. Wakubwa walichukia, wala hakurudi nyuma. Kiasi cha mwaka 1900 ukasimama Msikiti wa Riyadha, kwa jina la chuo cha Seiyun cha Sayyid Ali bin Muhammad al-Habshi. Mwaka 1907 serikali iliufuta utumwa katika pwani ya Kenya. Lakini sheria ile haikumpa mtu nafasi katika duara la darasa, na nafasi hiyo Riyadha ilikwisha kuitoa.

Habib Swaleh alilaumiwa pia kwa matari katika maulidi. Katika hilo sisi tu pamoja na waliomlaumu, ila tunasema wazi kwamba baadhi yao hawakuudhiwa na matari, bali na waliokuwa wakiyapiga.

Alifariki katika miaka ya 1930. Wanafunzi wake walienea mwambao mzima wakisomesha, na Riyadha yasomesha hata leo, pasipo kumuuliza mwanafunzi babu yake alikuwa nani.