Alfred Binet na Upimaji wa Kusoma

Alfred Binet alizaliwa mwaka 1857 katika mji wa Nice, ambao leo uko Ufaransa. Alisomea sheria, kisha akaiacha na kujitolea kwa elimu ya nafsi. Twamkumbuka hapa kwa sababu aliwaachia walimu wa elimu maalumu swali ambalo kila mpimaji hana budi kujiuliza: je, twampima mtoto ili tumfundishe, au ili tumwondoe?

Sheria ya mwaka 1882 iliwalazimisha watoto wote wa Ufaransa kwenda shule, na punde wakaonekana wasioweza kufuatana na wenzao. Mwaka 1904 serikali iliunda tume kuhusu watoto hao, na Binet alikuwa mjumbe wake. Alihofu kwamba mtoto mtukutu au mtoro angeweza kuhesabiwa kuwa mpungufu wa akili kwa neno la mwalimu tu. Hivyo mwaka 1905, pamoja na Daktari Théodore Simon, alitoa kipimo chenye maswali 30, kuanzia jepesi hadi gumu.

Hakuishia kwenye akili. Katika shule moja ya Paris, akishirikiana na mwalimu mkuu Vaney, alitumia ngazi za kusoma. Wa kwanza husoma silabi kwa makosa mengi. Wa pili hutua kila silabi. Wa tatu husitasita kati ya maneno. Wa nne husoma mfululizo, lakini kwa sauti isiyobadilika. Wa tano sauti yake huonyesha kwamba ameelewa.

Tuitazame faida yake. Watoto wawili waweza kuanguka mtihani mmoja, mmoja akiwa ngazi ya pili na mwingine ya nne. Wa kwanza ahitaji mazoezi ya kuunganisha silabi. Wa pili ahitaji kuulizwa maana ya alichosoma. Alama peke yake isingetuambia hayo. Tena Binet alitaka kwanza ijulikane kama mtoto amehudhuria masomo sawasawa, na kama macho na masikio yake ni mazima.

Katika kitabu chake cha mwaka 1909 aliwapinga waliodai kwamba akili ya mtu haiongezeki. Katika madarasa maalumu watoto walifanyizwa mazoezi ya kutuliza mwili na kukaza fikira kabla ya masomo magumu, naye aliamini kwamba hayo huwakuza.

Alifariki mwaka 1911. Baadaye, huko Marekani, wengine walikitumia kipimo chake kuwabandika watu majina ya kudumu, kinyume cha nia yake.

Basi sisi walimu tukishampima mwanafunzi kusoma, tuandike ngazi aliyofikia na makosa anayoyarudia, tupange somo la kesho kwa kufuata hayo, kisha tumpime tena. Kipimo kisichobadili somo hakimfai mtoto.