Bernard Katz: Mkimbizi aliyefichua siri ya neva

Februari 1935, kijana wa miaka 23 aliwasili Uingereza akitokea Ujerumani. Hakuwa raia wa nchi yoyote. Alikuwa Bernard Katz, daktari aliyezaliwa Leipzig mwaka 1911 katika familia ya Kiyahudi. Kwao, Wanazi walikuwa wamemfungia milango.

Jijini London, Profesa Archibald Hill alimpokea katika maabara yake. Mwaka 1939 Katz alihamia Sydney, Australia. Huko alipata uraia, akatumikia jeshi la anga kama ofisa wa rada wakati wa vita, kisha akarejea London mwaka 1946.

Swali lake lilikuwa moja: neva huuamuruje msuli ukaze? Aligundua kuwa kemikali inayobeba amri hiyo haivuji ovyo, bali hutolewa kwa mafungu yanayolingana, kila fungu likiwa ndani ya kifuko kidogo mno. Yeye na Ricardo Miledi, mzaliwa wa Mexico, wakaonyesha kuwa kinachofyatua vifuko hivyo ni madini ya kalsiamu yanayoingia kwenye ncha ya neva. Yakikosekana, amri huishia hapo na msuli haukazi.

Mwaka 1970 alipata Nobel pamoja na wenzake wawili. Miaka ya 1990, Thomas Südhof, Mjerumani aliyefanya kazi Marekani, alionyesha kuwa protini iitwayo sinaptotagmini ndiyo inayoihisi kalsiamu na kuviunganisha vifuko na utando wa neva.

Katz alifariki London mwaka 2003. Nchi iliyomfukuza ilipoteza mwanasayansi. Zilizomfungulia mpaka zilimpata.