Cassian Spiss: mtoto wa milima ya Alps aliyeanzisha Peramiho

Anayesafiri kutoka Songea kwenda Ziwa Nyasa kwa njia ya Kitai, Ruanda na Lituhi hupita jirani na Peramiho. Wengi wanaijua Peramiho kwa hospitali na abasia yake. Leo tunamtazama aliyeianzisha, Askofu Cassian Spiss, ambaye naye alizaliwa milimani.

Spiss alizaliwa tarehe 12 Juni 1866 katika kijiji cha St. Jakob, chini ya mlima Arlberg, mkoa wa Tirol, nchini Austria. Katika vijiji vya huko, ng'ombe hupandishwa malishoni juu milimani wakati wa kiangazi, na majira ya baridi yanapokaribia huteremshwa wakiwa wamepambwa kwa maua. Mwaka 1884, Spiss akiwa kijana wa miaka 18, njia ya reli ya chini ya mlima Arlberg ilifunguliwa, na bonde lao likaunganishwa na dunia kubwa.

Alipata upadri, kisha akajiunga na Wabenediktini wa St. Ottilien, Ujerumani, waliokuwa wakituma wamisionari Afrika Mashariki. Mwaka 1898 alifika Ungoni na kuanzisha misheni ya Peramiho. Mwaka uliofuata ikaanzishwa Kigonsera, ambayo leo iko wilayani Mbinga.

Spiss alikaa chini kujifunza lugha za wenyeji. Mwaka 1904 ilichapishwa kazi yake juu ya Kingoni na Kisutu, yaani lugha iliyoletwa na Wangoni kutoka kusini na ile ya watu waliowakuta. Ilikuwa kazi ya wakati wake, kwa sababu Kingoni cha zamani kilikuwa tayari kinamezwa. Baadaye padri Mswisi wa Kigonsera, Johannes Häfliger, alifanya vivyo hivyo kwa Wamatengo: alichapisha hadithi zao, na mwaka 1909 kamusi ya lugha yao.

Lakini kuandika lugha ya watu si sawa na kuheshimu yote wanayoyaamini. Mwaka 1902 Spiss alifanywa askofu, makao yake yakiwa Dar es Salaam. Katika miaka ya uaskofu wake, padri wa Peramiho, Franziskus Leuthner, alichoma kibanda cha mahoka, yaani mizimu ya mababu, cha Nkosi Mputa. Kwa Wangoni hilo lilikuwa tusi zito, na uchungu wake haukusahaulika.

Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905, Spiss alikuwa safarini kutoka pwani kwenda Peramiho pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Tarehe 14 Agosti waliuawa wote watano huko Mikukuyumbu, njiani kuelekea Liwale. Alikuwa na umri wa miaka 39. Vita vilipofika Ungoni, misheni ya Peramiho iliteketezwa na Leuthner naye akauawa. Tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani walimnyonga Mputa mjini Songea pamoja na makumi ya Wangoni wenzake. Kabla ya kifo chake alibatizwa.

Peramiho ilijengwa upya. Na katika milima ya Mbinga, Wamatengo wanaendelea na kilimo cha ngoro: wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba, wanawake huchimba udongo wa katikati na kuzifunika. Mashimo yanayobaki huzuia maji ya mvua, na udongo haushuki bondeni.

Tunapomkumbuka Spiss, tunaona pande zote mbili. Kazi yake ya lugha ilihifadhi maneno ambayo yangeweza kupotea, na kibanda kilichochomwa kinakumbusha kuwa urithi wa watu hauishii kwenye maneno. Umo pia katika wanachokiheshimu.