Mary Tealby, mama aliyewafungulia mlango mbwa wa njiani

Wengi wenu mnakumbuka mwezi wa nne wa mwaka 2020, mto Mulongwe ulipotoka njiani mwake na kubeba nyumba zetu hapa Uvira. Watu walilala mashuleni na makanisani. Mbwa walibaki juu ya matope, kila mmoja akilinda kiwanja ambacho hakikuwa na nyumba tena. Siku moja mama mmoja wa kwaya alitujia na mbwa watatu waliokonda, akaomba kona ndogo nyuma ya jiko la kanisa. Wazee walicheka. Sisi pia tulicheka. Tulimwambia kwamba watu wenyewe hawajala, naye akaondoka bila neno.

Kicheko kile kiliturudia tuliposoma maisha ya Mary Tealby.

Mama huyu alizaliwa mwisho wa mwaka 1801 katika mji wa Huntingdon, Uingereza. Aliolewa na mfanyabiashara wa mbao wa mji wa Hull, lakini ndoa haikudumu. Wakaacha kuishi pamoja, na watoto hakuwa nao. Alikuja kukaa London, karibu na ndugu yake Edward Bates, aliyekuwa mchungaji wa Kanisa la Anglikana. Kwa macho ya watu wa wakati ule, mwanamke wa miaka 58, asiye na mume nyumbani, asiye na mtoto wala mali nyingi, alikuwa amekwisha kumaliza kazi yake duniani.

Mwaka 1860 rafiki yake, Bi Sarah Major, aliokota mbwa barabarani, amelala anakufa kwa njaa. Akampeleka jikoni kwake. Mary alipokwenda kumtembelea alimkuta mbwa yule, wakamhudumia pamoja. Mbwa akafa. Hapo ndipo kazi ilipoanza, na tunaomba msomaji asipite haraka, maana watu wengi huanza kazi wakiisha kuona tunda. Hawa wawili walianza baada ya kushindwa. Waliokota wengine, wakawaweka chumba cha kuoshea vyombo, mpaka nafasi ikaisha.

Mwezi wa kumi wa mwaka uleule walipanga mabanda ya farasi katika mtaa wa Holloway, kaskazini mwa London, wakayafanya makao ya muda ya mbwa waliopotea na wenye njaa. Mwezi wa kumi na moja kamati yao ya kwanza ilikutana katika ofisi ya chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Chama hicho nacho kina habari yake. Kilianzishwa mwaka 1824, na mmoja wa waanzilishi alikuwa mchungaji Arthur Broome, aliyeacha usharika wake kwa ajili ya kazi hiyo kisha akafungwa gerezani kwa sababu ya madeni ya chama. William Wilberforce, yule aliyepigana na biashara ya watumwa katika Bunge la Uingereza, naye alikuwamo siku ya kukianzisha. Hawakuona kwamba kumhurumia punda kunapunguza huruma kwa mtumwa.

Lakini mji ulicheka, na gazeti kubwa la The Times likaandika kana kwamba watu hawa wamerukwa na akili. Tuseme kweli, waliocheka hawakuwa watu wabaya wote. Majira ya baridi ya 1860 kuingia 1861 yalikuwa makali sana. Kazi za bandarini zilisimama, na upande wa mashariki wa London familia zilikaa bila mkate. Mtu akiona sufuria ya chakula cha mbwa wakati mtoto wa jirani analia, atauliza. Sisi wa Uvira, tuliozika watu wa mafuriko na kuona ndugu zetu wakivuka Ruzizi kwenda Burundi na godoro kichwani, hatuwezi kulidharau swali hilo.

Mary hakulijibu kwa maneno mengi. Alijibu kwa utaratibu. Mbwa aliyeokotwa alipokewa na kulishwa. Mwenyewe akija, alirudishiwa mbwa wake akilipa gharama ya chakula. Asipotokea kwa muda wa majuma mawili, kamati iliweza kumuuza kwa mtu wa kumtunza, na fedha zikarudi kwenye matumizi. Makao hayakukusudiwa kuwa mahali pa kukusanya mbwa milele. Yalikuwa njia ya kuwatoa barabarani na kuwarudisha nyumbani. Tunadhani wengi wanaotamani kufungua kazi kama hii leo wangefaa kuanzia hapo, kabla ya kutafuta kiwanja kikubwa na wafadhili wa mbali.

Mwaka 1862 gazeti la Charles Dickens lilichapa makala yaliyolinganisha maonyesho mawili ya mbwa. Moja lilikuwa la mbwa wa matajiri, wenye zawadi na mito ya kulalia, katika jumba la Islington. La pili, si mbali na hapo, lilikuwa la mbwa wa Holloway, wachafu na wenye mbavu za kuhesabika. Maoni ya watu yakaanza kugeuka polepole. Majirani hata hivyo waliendelea kulalamika juu ya kelele, na hatuwalaumu.

Mary hakuona matunda. Aliugua kansa, akaenda kwa jamaa zake huko Biggleswade, akafa mwezi wa kumi 1865, miaka mitano tu tangu aanze. Mwaka 1871 makao yalihamia Battersea, ng'ambo ya mto Thames. Mwaka 1883 paka nao wakaanza kupokelewa, na mwaka 1885 Malkia Victoria akawa mlezi wa makao hayo. Hadi leo yamepokea wanyama zaidi ya milioni 3. Ndugu yake mchungaji Edward alizikwa katika kaburi lilelile.

Kuna jambo moja ambalo wazee wetu walisema siku ile na walikuwa na haki: kichaa cha mbwa. Wakati wa Mary hakukuwa na dawa yoyote. Louis Pasteur alimchanja mtoto wa kwanza mwaka 1885. Sisi tunayo chanjo, ya mbwa na ya watu, na bado watoto wanakufa, kwa kuwa dalili zikiisha kuonekana karibu hakuna anayepona. Basi aliyeumwa na mbwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ileile, hata kama kidonda ni kidogo. Wala asingoje mganga wa majani. Na mbwa asiye na mtu ndiye asiyechanjwa na yeyote. Hoja ya wazee ilikuwa ya kweli, lakini sasa tunaona ilikuwa inamtetea yule mama.

Juma lililopita tulikwenda kwake, huko Kimanga, kumwomba msamaha. Kati ya mbwa wale watatu mmoja alikufa mwaka uleule, mmoja alichukuliwa na mvuvi wa Kalundu, na wa tatu alikuwa amelala mlangoni, mzee sasa, hakuamka hata tulipobisha hodi. Mama alitupa kiti na chai. Hakutukumbusha kicheko. Aliuliza tu kama ile kona nyuma ya jiko bado iko wazi. Tumelipeleka kwa wazee, na kikao ni mwezi ujao.